Mlango Wazi Hautoshi



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mitaa yetu ya Kivu huwagawa vijana katika mafungu mawili: wenye akili na wasio na akili. Aliyepata asilimia 70 hupakwa poda nyeupe kichwani na kusindikizwa kwa nyimbo hadi nyumbani kwao. Aliyepata 51 huambiwa ashukuru na kunyamaza. Hukumu hiyo hutolewa kwa siku moja, lakini mara nyingi humfuata mtu maisha yake yote. Akifaulu baadaye, watu husema: tulijua, alikuwa na akili. Akishindwa, husema vilevile: tulijua.

Leo napenda kuwashirikisha mambo niliyoyaona katika chuo kimoja nchini Marekani, mambo ambayo yamenifanya niitilie shaka hukumu hiyo. Vijana wawili wa nyumba moja waliingia katika chuo hicho kwa mlango mmoja na katika muhula mmoja. Mmoja alitoka na shahada, mwingine alitoka na deni. Mwenye shahada ni mimi. Mwenye deni ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, na katika hesabu yeye ndiye aliyekuwa akinisahihisha tangu tukiwa shule ya msingi Uvira.

Kwanza niwaeleze chuo chenyewe, kwa kuwa kwetu hatuna kinachofanana nacho kabisa. Wamarekani wanakiita chuo cha jamii. Ni chuo cha umma, kilicho karibu na makazi ya watu, ambacho hakichagui wanafunzi kwa alama zao. Mwenye diploma ya sekondari anapokelewa, awe na miaka 18 au 50. Kile cha umma kilicho cha kale kuliko vyote kilianzishwa mwaka wa 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, kikiwa na wanafunzi sita tu. Mwaka wa 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya namna hiyo vienezwe nchi nzima, ili mtoto wa mfanyakazi asome bila kulihama jiji lake na bila kulipa karo kubwa. Leo vinakaribia elfu moja. Humo wanasoma wauguzi wa kesho, mafundi wa magari, wachomeleaji, akina mama waliorudi shuleni baada ya kulea, na wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo wenzetu.

Faida kubwa ya chuo hicho ni daraja lake la kuvukia chuo kikuu. Masomo yote hupimwa kwa krediti, kama vyuo vyetu vya Kongo vinavyofanya sasa katika mfumo wa LMD, ingawa krediti za Marekani si za ukubwa mmoja na zetu: mwaka kamili wa masomo huko ni krediti 30 hivi, kwetu ni 60. Mwanafunzi hukusanya krediti 60 katika chuo cha jamii na kupata shahada ya miaka miwili. Kisha huhamia chuo kikuu, anamaliza nyingine 60, na kupata shahada ya kwanza sawa na yule aliyeanzia chuo kikuu tangu siku ya kwanza, huku akiwa ametumia fedha kidogo zaidi. Ndivyo karatasi za matangazo zinavyosema, na hazisemi uongo. Lakini haziwaelezi vijana kwamba daraja lina mbao nyingi, na kwamba baadhi ya mbao hazifiki ng’ambo.

Mimi na mdogo wangu tulijiandikisha mwaka wa pili baada ya kufika. Usiku tulifanya kazi katika ghala, tukipanga masanduku hadi saa kumi na moja alfajiri, mchana tulisoma. Tulifanya mtihani wa kupangiwa madarasa mbele ya kompyuta. Mdogo wangu alikuwa amemaliza sekondari katika sehemu ya Hesabu na Fizikia, na alikuwa ameshayazoea mambo ambayo wenzake wa pale walikuwa bado hawajayafikia. Lakini maswali yaliandikwa kwa Kiingereza kirefu, yakizungumzia mpira wa besiboli, kodi ya mauzo na asilimia za punguzo madukani. Kompyuta ilimpa alama zake na kumpeleka katika masomo ya kujazia: mihula miwili ya hesabu za chini ambazo hulipiwa kama masomo mengine, ila hazihesabiwi katika shahada yoyote.

Alikwenda kumwona mshauri wa masomo. Hicho ni cheo ambacho kwetu hakijulikani sana, ingawa kazi yake kidogo hufanywa na sekretari wa kitivo, kidogo na asistanti, na mara nyingi na rafiki aliyetutangulia. Katika vyuo vya Marekani mshauri wa masomo ni mtu anayelipwa ili amsaidie mwanafunzi kuchagua masomo, kuyapanga kwa utaratibu wake, na kujua kila somo litampeleka wapi. Yule wa mdogo wangu alikuwa na dakika kumi na tano. Nje ya mlango wake palikuwa na foleni. Alitazama kioo cha kompyuta, akaona alama za mtihani, akachapisha orodha ya masomo yenye nafasi na kumtakia muhula mwema. Muhula uliofuata alikuwa mtu mwingine. Sina neno baya juu yao. Mtu mwenye wanafunzi mia kadhaa chini yake hawezi kujua kwamba kijana aliyeketi mbele yake alikuwa akifundisha wenzake hesabu chini ya mwembe.

Mimi, muhula huohuo, nilipangiwa somo la uandishi wa Kiingereza. Mwalimu alitupa kazi ya kueleza mahali tunapopajua vizuri. Niliandika juu ya wavuvi wa Ziwa Tanganyika, jinsi taa zao zinavyoonekana usiku kama mji mwingine juu ya maji, na jinsi mji wetu unavyoogopa kipindupindu mvua zinapoanza. Kiingereza changu kilikuwa na makosa mengi. Mwalimu aliyasahihisha yote kwa kalamu nyekundu, kisha akaandika chini kabisa: nenda katika ofisi ya Programu ya Heshima, ghorofa ya pili, waambie nimekutuma mimi.

Programu ya Heshima ni nini? Ni utaratibu wa kuwakusanya wanafunzi walioonyesha juhudi na kuwapa kazi ngumu zaidi. Mizizi yake ni ya kale kidogo. Mwaka wa 1922, katika Chuo cha Swarthmore karibu na Philadelphia, mkuu wa chuo aitwaye Frank Aydelotte, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Oxford, aliwaruhusu baadhi ya wanafunzi waache kukaa tu na kusikiliza mihadhara, wasome katika semina ndogo, waandike, wabishane, na mwisho wapimwe na watahini kutoka nje. Swarthmore ni chuo cha wachache. Lakini wazo hilo lilienea, likafika hata katika vyuo vya jamii, ambavyo tayari vilikuwa na umoja wao wa wanafunzi bora, Phi Theta Kappa, ulioanzishwa Missouri mwaka wa 1918. Katika chuo chetu masharti yalikuwa haya: wastani wa alama 3.5 juu ya 4, au barua ya mwalimu. Mimi niliingia kwa barua.

Kazi tulizopewa zilikuwa kweli ngumu. Semina zetu zilikuwa na wanafunzi wasiozidi kumi na watano, na hapakuwa na mahali pa kujificha. Tena kulikuwa na kitu kinachoitwa mkataba wa heshima: katika somo la kawaida, mwanafunzi anakubaliana na mwalimu afanye utafiti wa ziada, na kazi hiyo inaandikwa katika cheti chake. Katika biolojia niliandika juu ya kipindupindu katika miji iliyo kando ya maziwa yetu, nikaisimamia mbele ya walimu na wageni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwamba ninachokijua kutoka Uvira kinaweza kuwa elimu mbele ya watu wengine.

Lakini kilichobadilisha njia yangu hasa kilikuwa katika ofisi, nje ya semina. Mshauri wa programu ile alikuwa mama wa makamo, na wanafunzi wake hawakuzidi sitini. Siku ya kwanza hakufungua kompyuta. Aliniuliza maswali matatu. Baada ya miaka minne unataka uwe wapi? Unafanya kazi saa ngapi kwa juma? Nyumbani nani anakutegemea? Nilipomjibu kwamba napenda afya ya jamii, alitafuta mpango mzima wa miaka minne wa chuo kikuu cha jimbo letu, akauweka mezani na kuanzia ukurasa wa mwisho. Alisema: tutaanza pale unapotaka kufika, kisha turudi nyuma hadi leo. Kila somo nililotaka kulichukua tulilitafuta katika karatasi ile. Lisilokuwemo, tuliliacha, hata kama lilikuwa jepesi na lina nafasi.

Alijua pia mambo ambayo mgeni hawezi kuyakisia. Alijua kwamba kuna mtihani wa Kifaransa ambao ukiufanya vizuri unapewa krediti bila kukaa darasani. Fikirini jambo hilo, ninyi mliosoma kwa Kifaransa tangu utoto: lugha niliyoichukulia kama mzigo wa nchi yangu ilinipunguzia karibu muhula mmoja. Alijua mahali pa kupeleka diploma yangu ya Serikali ili itathminiwe. Alijua tarehe ya mwisho ya kuomba msaada wa serikali na ya kuomba msaada wa wanafunzi wanaohamia chuo kikuu. Nilipokosa kufika ofisini juma mbili, alinipigia simu kuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

Mdogo wangu hakupigiwa simu na mtu. Alimaliza masomo ya kujazia kwa alama za juu, akiwa amechoka na amechelewa mwaka mzima. Kisha akaandikishwa katika shahada ya teknolojia, kwa sababu jina lake lilikuwa na neno uhandisi ndani yake, na yeye alitaka kuwa mhandisi wa maji. Hapa ndipo mbao za daraja zilipoishia. Katika vyuo vya jamii shahada za miaka miwili si za aina moja. Kuna zile zilizotungwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu, na kuna zile zilizotungwa kwa ajili ya kwenda kazini moja kwa moja. Zote ni za halali na zote zina heshima yake. Lakini masomo mengi ya aina ya pili hayapokelewi na vitivo vya uhandisi, ambavyo kabla ya yote hudai hesabu ya juu iitwayo kalkulasi. Majina yanafanana, karo inafanana, madarasa yako katika jengo moja. Tofauti iko katika karatasi ambayo hakuna aliyemwonyesha. Alipoandika barua kwa chuo kikuu na kujibiwa, alikuwa na krediti 41. Zilizomfaa kwa uhandisi wake zilikuwa 17.

Aliacha mwaka huo. Alipata leseni ya kuendesha malori makubwa, na kazi hiyo inamlisha yeye na inawalipia ada wadogo zetu walio nyumbani, asiidharau mtu. Siku moja nilimwuliza kama bado ana uchungu na chuo kile. Alinijibu: “Yaya, mimi sikufukuzwa. Hakuna hata aliyeniona nikitoka.”

Neno lake nimelikumbuka mara nyingi niliposoma baadaye juu ya vyuo hivyo. Mwaka wa 1960 mwanasosholojia Burton Clark, aliyekuwa amechunguza chuo cha jamii huko San Jose, California, aliandika makala iliyowaudhi wengi. Alisema kwamba chuo chenye mlango wazi kina kazi moja ya kimyakimya: kuupoza moto wa wanafunzi ambao matumaini yao ni makubwa kuliko alama zao. Mshauri humwelekeza mwanafunzi polepole, kwa upole, kutoka katika ndoto ya chuo kikuu hadi kazi ya karibu, mpaka yeye mwenyewe aone kwamba ndivyo alivyotaka. Katika maelezo yake, mshauri ni mtu mwenye ndoo ya maji. Wengine wamempinga Clark, wengine wamemwunga mkono. Mimi nikitazama habari ya mdogo wangu naona hali ya tatu: moto wake haukumwagiwa maji na mtu. Ulizimika kwa sababu hapakuwa na wa kuongeza kuni.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka wa 2017 ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua matumizi ya serikali ilitoa taarifa juu ya wanafunzi waliohama kutoka chuo hadi chuo kati ya mwaka wa 2004 na 2009. Kwa wastani, walikadiriwa kupoteza asilimia 43 ya krediti zao. Mwaka huohuo wa 2017 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuvilazimisha vyuo vyake vya jamii vitazame alama za sekondari za mwanafunzi kabla ya kumtupa katika masomo ya kujazia, kwa kuwa ilionekana kwamba wengi walioingizwa humo hawakutoka. Nasoma habari hizo na kumwona mdogo wangu ndani ya kila tarakimu.

Sasa nasikia mmoja wenu akiuliza: je, Programu ya Heshima siyo ndiyo dhuluma yenyewe? Humchukua mwanafunzi ambaye tayari ameonwa na mwalimu, humpa mshauri mwenye nafasi, semina ndogo na simu ya kuulizia hali. Na yule anayehitaji zaidi huachwa katika foleni ya dakika kumi na tano. Swali hilo ni la haki, na sitaki kulikwepa. Mwenye kitu anaongezewa. Mimi nilionwa kwa sababu somo nililopangiwa muhula ule lilikuwa na mwalimu aliyesoma kazi zetu kwa mkono wake. Mdogo wangu alisahihishwa na mashine, na mashine haina ghorofa ya pili ya kumtuma mtu.

Jibu bora nimeliona New York. Mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ambacho kina vyuo kadhaa vya jamii ndani yake, kilianzisha programu iitwayo ASAP. Haikuwatafuta wenye alama za juu. Baadaye shirika la utafiti la MDRC liliwafuatilia wanafunzi 896 wenye kipato kidogo, ambao walikuwa bado wanadaiwa somo moja au mawili ya kujazia. Yaani watu wa hali ya mdogo wangu. Waligawanywa kwa kura. Nusu moja iliendelea kama kawaida. Nusu nyingine iliingizwa katika ASAP: walilipiwa sehemu ya karo iliyobaki, wakapewa vitabu na kadi za usafiri, na wakawa na mshauri mwenye wanafunzi kati ya 60 na 80, wakati washauri wa kawaida walikuwa na kati ya 600 na 1,500. Kwa upande wao walitakiwa kusoma muda wote, kuyamaliza mapema masomo ya kujazia, na kumwona mshauri mara kwa mara. Kumwona mshauri hakukuwa hiari.

Baada ya miaka mitatu, katika fungu la kawaida asilimia 22 walikuwa wamepata shahada. Katika fungu la ASAP, asilimia 40. Karibu mara mbili. Kura haijui nani ana akili. Akili zilikuwa sawa pande zote mbili. Na ingawa gharama kwa kila mwanafunzi ilikuwa kubwa zaidi, gharama kwa kila shahada iliyopatikana ilikuwa ndogo zaidi, kwa maana fedha hazikumwagika njiani. Vyuo vitatu vya jimbo la Ohio viliujaribu utaratibu huo, navyo vikaona matunda ya namna hiyohiyo.

Tangu niliposoma matokeo hayo naielewa vingine ile heshima niliyopewa. Jina la programu lilipendeza katika cheti, lakini jina halikunifikisha popote. Kilichonifikisha ni mambo mawili yaliyokwenda pamoja: mtu aliyenidai kazi ngumu, na mtu aliyejua ninaelekea wapi. Likikosekana la kwanza, ushauri huwa maneno ya kubembeleza. Likikosekana la pili, ugumu huwa mtego. Mdogo wangu alidaiwa mengi, usiku ghalani na mchana darasani, ila hakuna aliyejua anaelekea wapi.

Wazee wetu husema mwuliza njia hapotei. Ni neno la kweli, lakini lina sharti ndani yake: ili uulize njia, lazima kwanza ujue kwamba iko zaidi ya moja, na kwamba hiyo uliyosimama juu yake inaweza kuishia porini. Kijana wa kwanza katika ukoo wao kufika chuoni hana swali hilo kinywani. Anaona mlango wazi, anaingia, anafanya bidii. Hajui kwamba kuna la kuuliza. Ndiyo sababu ASAP haikungoja wanafunzi waulize, iliwaita.

Na kwetu je? Mnajua ninyi kuliko mimi jinsi mwaka wa kwanza unavyokuwa katika vyuo vyetu: ukumbi uliojaa hadi madirishani, majina yanasomwa mbiombio, na mtu wa pekee anayekujibu swali ni apariteri mlangoni, akiwa na nafasi. Mnajua pia jinsi kitivo kinavyochaguliwa. Baba anataka mwanasheria. Jirani amesema udaktari una heshima. Rafiki amekwenda uchumi, nami niende naye. Sasa krediti za LMD zimefika, na pamoja nazo yamefika maswali yale niliyoyakuta Marekani: somo hili linahesabika wapi? Nikihama kutoka Bukavu kwenda Lubumbashi, nitabeba ngapi? Nikishindwa somo moja, linafunga masomo gani mengine? Anayejua majibu hayo mwezi wa kwanza na anayeyajua mwaka wa tatu hawatafika pamoja, hata wawe na asilimia sawa za Mtihani wa Serikali.

Hatuna fedha za jiji la New York. Lakini mama yule wa ghorofa ya pili hakunipa fedha. Alinipa saa moja, karatasi ya chuo kikuu iliyofunguliwa kutoka mwisho, na maswali matatu. Vitu hivyo vitatu parokia zetu zinavyo. Katika kila kundi la vijana kuna mmoja aliye mwaka wa tatu wa ualimu, mwingine aliye katika instituti ya ufundi wa matibabu, mwingine aliyeacha na anajua kwa nini aliacha. Huyo wa mwisho msimsahau, kwani anajua mbao zilizooza ziko wapi kuliko sisi tuliovuka.

Basi napendekeza jambo dogo. Majuma mawili baada ya matokeo ya mwaka huu, kabla maandikisho hayajafungwa, kila mmoja wenu aliye katika masomo ya juu achukue wahitimu watatu wa parokia yake, si zaidi, na awaandike majina. Aketi na kila mmoja kwa saa moja. Amwulize: unataka uwe wapi baada ya miaka mitano? Nani atakulisha na saa ngapi utafanya kazi? Nyumbani nani anakutegemea? Kisha wakatafute pamoja programu nzima ya kitivo, waisome kuanzia mwaka wa mwisho kurudi wa kwanza. Na mwezi wa pili wa masomo, bila kungoja kuombwa, aende nyumbani kwake kumwuliza hali.

Msianze na aliyepata asilimia 70. Yeye ana poda kichwani, na watu wengi watamwita. Anzeni na yule wa 51.

Mdogo wangu alinipigia simu mwaka uliopita akiwa njiani, ameegesha lori mahali fulani katika jimbo la Nebraska. Aliuliza kama zile krediti 17 bado ni hai. Nilimwomba anitumie karatasi zake zote, tukaketi kwa simu saa mbili, tukianzia mwisho. Kumi na nne bado zinahesabika. Muhula huu anasoma kalkulasi usiku, kwa kompyuta, ndani ya kibanda cha lori, na kila Jumapili jioni nampigia mimi, asije akaniuliza kwanza.